Uzoefu wangu na kikokotoo cha umbali na muda wa safari za ndege

Kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikitumia kikokotoo cha mtandaoni kinachoonyesha umbali wa angani kati ya mji na mji, na nimeridhika kwamba hesabu yake ya umbali inaaminika, ilhali ile ya muda imenipotosha zaidi ya mara moja.

Nilianza na London na New York, nikapewa takriban kilomita 5,570, sawa na maili za baharini 3,000 hivi. Ramani yake ilinipendeza sana: mstari haukukata Atlantiki moja kwa moja bali ulipinda kuelekea kaskazini, kisha ukateremka kupitia Newfoundland, kwa kuwa dunia ni tufe na njia iliyo fupi kuliko zote juu ya tufe huonekana imepinda ikichorwa kwenye karatasi bapa. Nilipokuwa safarini, alama ya ndege kwenye skrini iliyo mbele ya kiti changu ilifuata tao lilelile.

Muda ni habari nyingine. Kikokotoo kiliniambia saa 7 na dakika 3, nami nikamwandikia mwenyeji wangu hivyo, kabla hata sijanunua tiketi, wala sikukumbuka kumrekebishia baadaye. Skrini ilionyesha upepo ukivuma dhidi yetu na mwendo wetu juu ya ardhi ukiwa kilomita 740 kwa saa. Tukazidisha saa nzima, tena tukasubiri kupata nafasi ya kuegesha. Nilimkuta mwenyeji amesimama katika ukumbi wa wanaowasili, mtoto wake amelala begani, na jambo hilo liliniuma. Wakati wa kurudi, upepo uleule ulitusukuma, mwendo ukafika kilomita 1,050 kwa saa. Februari 2020 ndege moja ya abiria ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56 tu, ikisaidiwa na upepo huo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki.

Kikokotoo hakijui lolote kati ya hayo. Kinagawanya umbali kwa kilomita 850 kwa saa, kinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, na kutoa jibu moja kwa kwenda na kurudi. Maelezo hayo yamo chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, wakati yalipaswa kukaa kando ya jibu. Kwa hiyo muda nautazama kwenye ratiba ya shirika la ndege, ambayo huhesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa tena.

Jaribio langu la mwisho lilikuwa Helsinki na Tokyo, takriban kilomita 7,800. Tangu mwaka 2022 ndege zinazotoka Helsinki huizunguka anga ya Urusi, na safari iliyokuwa ya saa 9 hivi imekuwa ya saa 13 hivi. Kikokotoo bado kinajibu saa 9 na dakika 41.