Riwaya za umaarufu shuleni: ipi umnunulie mwanafunzi wa sekondari

Mtoto anayesoma bweni hapa Uganda hahitaji kuelezwa umaarufu ni nini. Anauona kwenye sanduku la bati: nani amerudi na karanga za kusaga na sukari ya kuwagawia wenzake, na nani sanduku lake limebaki na daftari tupu kabla muhula haujafika katikati. Anauona siku ya wazazi kutembelea, wenzake wanapoangalia nani kaletewa kuku na nani kakaa peke yake chini ya mti mpaka jioni. Upo kwenye kampeni za viranja, kwenye dansi shule ya jirani inapoalikwa, na kwenye Kiingereza cha kujifanya umekulia ng'ambo. Ndiyo maana riwaya zinazohusu mambo haya husomwa mpaka jalada likabanduka, hata na wale ambao walimu wanasema hawapendi vitabu.

Kuna nyingi, na si zote zinastahili pesa yako. Kigezo changu katika kuzipanga ni kimoja: je, kitabu kinaonyesha umaarufu unatengenezwa na nini, na nani anaulipia? Kile kinachoufanya kuwa tuzo ya watoto wazuri wa sura nimekishusha chini, hata kama kinateremka kama uji.

1. Stargirl, ya Jerry Spinelli (2000)

Kama pesa inatosha kitabu kimoja tu, nunua hiki. Msimulizi ni Leo, mvulana wa sekondari huko Arizona, Marekani. Shuleni kwao anafika msichana mgeni ambaye kabla ya hapo alifundishwa nyumbani. Anavaa apendavyo, ana panya wa kufuga, na wakati wa chakula cha mchana anapiga kinanda chake kidogo cha nyuzi na kumwimbia yeyote aliyezaliwa siku hiyo. Wanafunzi kwanza wanamshangaa, kisha wanampenda mpaka wanamwiga, kisha wanamtupa. Kosa lake? Kwenye mechi za mpira wa kikapu anaishangilia timu pinzani pia.

Uzuri wa riwaya hii ni kwamba mwenye mtihani si msichana bali Leo. Anampenda, na hawezi kuvumilia kutengwa pamoja naye, kwa hiyo anamwomba awe kama wengine. Msichana anakubali. Anaacha jina lake, ananunua nguo za kawaida, anaongea kama wao. Haisaidii kitu. Halafu anaingia mashindano ya kutoa hotuba akiamini kwamba akishinda, shule nzima itatoka kumpokea. Anashinda. Gari linarudi shuleni na wanaomsubiri wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kijana yeyote aliyewahi kugombea ukiranja akasubiri matokeo ataisoma sehemu hiyo mara mbili.

Ni fupi, Kiingereza chake ni chepesi, na haina kitu cha kumtia mzazi wasiwasi. Inafaa kuanzia S1 (kidato cha kwanza) hadi S4, wavulana kwa wasichana.

2. Vitabu vya Moses, vya Barbara Kimenye

Kwa anayetoka darasa la saba na kuingia S1, hapa ndipo pa kuanzia. Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaja kuishi Uganda, akafanya kazi katika serikali ya Kabaka na katika uandishi wa habari. Vitabu vya Moses vilianza kutoka miaka ya 1960 na bado vinachekesha. Shule ya Mukibi inapokea wavulana waliokwisha kufukuzwa kwingine, kwa hiyo ukorofi peke yake haumpi mtu sifa. Kila mmoja anao. Kinachompa Moses nafasi yake ni kwamba hawaachi rafiki zake matatizo yanapofika, hata yale aliyoyaanzisha mwenyewe. Wazazi waliovisoma zamani watapata la kuongea na watoto wao. Ni vyembamba, kwa hiyo nunua viwili au vitatu kwa pamoja.

3. The Chocolate War, ya Robert Cormier (1974)

Hiki ni cha S3 kwenda juu, na hasa kwa mvulana anayesema riwaya za shule ni za wasichana. Kundi la siri linatawala shule ya Kikatoliki ya wavulana, na mwalimu anayetaka chokoleti ziuzwe kwa ajili ya mfuko wa shule anajua hivyo na analitumia. Mwanafunzi mmoja, Jerry, anakataa kuuza. Kwa siku chache anakuwa shujaa. Baadaye kundi linaugeuza uuzaji kuwa jambo la kujivunia shule nzima, na Jerry anabaki peke yake. Mwisho ni mgumu na hakuna anayekuja kumwokoa. Nakiweka cha tatu kwa sababu ya ugumu huo, si kwa upungufu wowote. Mtoto anayeonewa bwenini sasa hivi asipewe bila mtu mzima wa kuzungumza naye.

4. Before I Fall, ya Lauren Oliver (2010)

Sam na rafiki zake watatu ndio wanaotawala shule yao. Hadithi inaanza siku ambayo wanafunzi hutumiana maua ya waridi, na idadi ya maua unayobeba korido nzima ndiyo inayosema wewe ni nani. Msomaji wa hapa atazikumbuka mara moja kadi za kutakiana heri kabla ya mitihani ya taifa ya UNEB, zinavyopangwa juu ya kitanda ili wote wazione, na yule ambaye hakupata hata moja. Usiku Sam anakufa katika ajali ya gari, kisha anaamka asubuhi ya siku ileile, na tena, mpaka ameiishi mara saba.

Kila anaporudi anaona jambo ambalo hakuliona mwanzo. Kubwa kuliko yote ni Juliet, msichana ambaye wao wanne humtumia kila mwaka ua moja lenye maneno ya kumdhihaki. Sam anakuja kujua kwamba mateso yote hayo yalitokana na aibu moja ya utotoni, na kwamba aibu hiyo haikuwa hata ya Juliet, mwingine alimsingizia. Aliyelala bwenini anajua jina la utani linavyoweza kumshika mtoto miaka sita bila mtu kukumbuka lilitoka wapi. Hapo ndipo kitabu hiki kinapofanya kazi yake.

Lakini kina pombe, mapenzi, na habari ya kujiua. Mimi ningempa mwanafunzi wa S5 au S6, na ningemwomba shangazi (senga) wake akisome pia.

5. The First Daughter, ya Goretti Kyomuhendo (1996)

Ya nyumbani, ilichapishwa Kampala na Fountain Publishers. Kasemiire ni msichana hodari wa masomo, tumaini la baba yake, ambaye mimba inayakatiza yote. Umaarufu wa shuleni si mada yake kuu, ndiyo maana iko hapa chini. Hata hivyo inaeleza vizuri jinsi sifa inavyogeuka kuwa fedheha usiku mmoja, na jinsi fedheha hiyo inavyomwangukia msichana peke yake. S3 na kuendelea.

6. Sweet Valley High, mfululizo ulioanzishwa na Francine Pascal (1983)

Pacha wawili wa California, nywele za dhahabu, macho ya buluu-kijani, na kila mtu anawatazama. Ni vingi kwenye mitumba na mtoto akianza haachi. Lakini uzuri wa sura na mwili mwembamba ndio cheti cha kupendwa, na sipendi msichana wa Mbale au Arua aanzie hapo. Akivikuta kwa rafiki avisome. Dukani pesa iende kwingine.

Na Kiswahili? Riwaya ya Kiswahili inayohusu hasa nani anapendwa na nani anatengwa shuleni ni adimu madukani mwetu, na inaniuma, kwa sababu tangu Julai 2022 baraza la mawaziri limekipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na watoto wanahitaji cha kusoma kwa raha, si cha mtihani tu. Iliyo karibu zaidi ni Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Kongowea anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba yake Kenya, amebeba jina la mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Iongeze juu ya chochote utakachochagua.

Kuhusu kununua. Kampala, anzia duka la vitabu la Aristoc. Wasipokuwa nacho, waulize kama wanaweza kukuagizia. Vya waandishi wa Uganda, waulizie Fountain au FEMRITE, chama cha waandishi wanawake, pale Kamwokya. Kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya njia, fungua kurasa za mwisho kabla ya kupatana bei, kwa sababu ndizo hung'oka kwanza. Wino uliofifia, maandishi yaliyokaa upande na ukurasa unaojirudia ni dalili za nakala ya wizi. Achana nayo: kitaachia gundi kabla ya katikati ya muhula, na mwandishi hapati chochote.

Kitabu cha kwenye simu ni cha likizo, maana shule nyingi haziruhusu simu. Jalada lenye watu wanaobusiana litachukuliwa siku ya kufungua shule, metroni anapokagua masanduku, hata kama ndani hamna ubaya. Livalishe karatasi ya kaki. Kisha andika jina la mtoto ukurasa wa kwanza, na tena ndani, kwenye ukurasa mtakaokubaliana nyinyi wawili. Riwaya nzuri itapita mikono ya bweni zima, na ukurasa wa kwanza ndio huchanwa.