Mark X yangu, matairi marehemu, na yule kaka wa yadi

Mwanzoni nilikuwa namwambia kila anayeniuliza: usinunue Toyota Mark X. Sasa hivi nasema nunua, ila ukifika yadi ya magari usimwamini mtu kuhusu matairi ya nyuma hata akiapa kwa mama yake mzazi. Kesho huenda nikasema vingine, maana hasira haijaisha.

Kabla yake niliendesha IST kwa miaka, kile kigari kidogo cha Toyota, cha cc 1300. IST inavutwa na magurudumu ya mbele, na injini nzima imeyakalia hayo hayo. Ukizidisha mafuta kwenye kona, pua inagoma kukata. Unaachia, inarudi njiani, yameisha. Mguu unazoea hivyo bila wewe kujua. Mark X inasukumwa kutoka nyuma, na ina injini ya V6 yenye nguvu za farasi zaidi ya 200. Nguvu yote hiyo inapita kwenye propela, inafika kwenye difu, inaishia kwenye matairi mawili yasiyo na mzigo wa maana juu yake, hasa ukiwa peke yako na buti tupu. Hapo unataka matairi yawe matairi kweli.

Ilikuwa masika, mvua ndiyo kwanza inaanza, yale matone ya mwanzo yanayokoroga vumbi na oili mpaka lami inateleza kama mlenda. Nimefika kipilefti, daladala ikanipa nafasi, nikagusa mafuta nitoke. Giaboksi ikashusha gia, injini ikaamka, na makalio ya gari yakaanza kunipita ubavuni. Mguu ukafanya kile ulichofundishwa na IST: ukaachia mafuta ghafla. Kwa gari la nyuma, hiyo ndiyo inayomaliza kazi. Uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi zaidi, linageuka. Nikajikuta natazamana na bodaboda niliyekuwa nimempita muda si mrefu, yeye kimya, mimi kimya. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Taa ya VSC, ile kompyuta ya kuzuia gari lisiteleze, ilikuwa inametameta kwenye dashibodi, maskini, imehangaika ilivyoweza. Ile kompyuta inapunguza nguvu ya injini na kushika breki gurudumu mojamoja, lakini haiwezi kuotesha kashata, yale meno ya tairi yanayoshika barabara.

Fundi wangu alipiga jeki, akachukua tambara akasugua. Ule weusi wa kung'aa ukatoka wote, kumbe ni dawa walipaka. Upande wa ndani, ambao ukisimama nje huuoni, kashata zimeisha kabisa, kipara. Ubavuni, mwisho wa yale maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 1611. Wiki ya 16, mwaka 2011. Raba ya umri huo imeshakauka, ukiibonyeza kwa ukucha haikubali. Na ya mbele? Mapya! Yaani mtu alikaa chini akapanga: mazuri yakae mbele mteja anapotokea, marehemu wakae nyuma. Wakati mazuri ndiyo yanatakiwa kukaa nyuma, hata kwenye IST.

Nikarudi yadi.

"Kaka, haya matairi mliyatoa wapi?"

Hata hakuinuka kwenye kiti. "Dada, mbona wenzako wanaendesha? Gari za nyuma zinataka wanaume. Ungechukua Passo, kigari kidogo."

Passo! Mimi nimepanda mlima Kitonga usiku, lori la mbao mbele, basi nyuma linanipigia honi. Leo mtu ambaye kazi yake ni kutoa magari kivulini kuyapeleka juani ananitajia Passo. Akaongeza eti nilikuwa nakimbia. Kwa mwendo ule askari wa tochi asingehangaika hata kuinua mkono. Alipoona sauti imepanda, akamtuma kijana aniletee soda nipoe. Soda yenyewe ya moto.

Matairi nikanunua mwenyewe, mapya, yote mawili ya aina moja. Ndugu zangu, ni gari jingine. Stelingi imetulia kwa sababu magurudumu ya mbele yana kazi moja tu, kukata kona. Ukitoka Bunju unaelekea Bagamoyo na barabara iko wazi, unakanyaga kidogo, unasikia mgongo unasukumwa. Nikitoka kwenye kona nanyoosha usukani kwanza, ndipo naongeza mafuta. Nyuma ikianza kuhama, macho yanabaki kule ninakotaka kwenda, stelingi inafuata upande mkia unakokimbilia, na mafuta napunguza polepole, siachii. Mvua ikinyesha nabonyeza kitufe cha SNOW, gari linaondoka kwa adabu. Shemeji yangu alicheka sana, theluji Dar! Acheke.

Mafuta linakunywa, hilo siwafichi. Na siku za mvua bado moyo unaruka nikifika kipilefti, kwa hiyo nisiseme limekuwa gari la raha mia kwa mia. Dada yangu nimemkatalia funguo.

Juzi yule kaka kanipigia simu. Eti kuna mteja anatafuta Mark X, "dada, hujaichoka tu?" Nikamuuliza kama huyo mteja ni mwanaume wa kutosha. Akakata simu.