TAHADHARI: Anayeuza "medali za babu zetu wa Keya" ni tapeli

Ndugu zangu, kama mzee wenu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) na mmefuatwa Facebook au WhatsApp na mtu anayedai ameipata medali yake kwa mkusanyaji wa Uingereza, msitume hata shilingi. Ukweni kwangu Iringa wamelizwa laki nne na nusu, na tangazo lake nimeliona pia kwenye makundi ya Wakenya.

Huyu mtu haanzi kwa kuuza. Anaanza kwa kuuliza, tena kwa heshima zote: mzee aliitwa nani, namba yake ya jeshi ilikuwa ipi, alikuwa kikosi cha ngapi. Watu wanafurahi kuulizwa habari za mzee wao, wanampa mpaka picha ya cheti cha kuachishwa jeshi. Baada ya muda anarudi: "Mungu mkubwa, imepatikana!" Anatuma picha ya medali, na ukingoni pameandikwa jina lile lile na namba ile ile. Mama mkwe alilia alipoiona. Nani atabisha tena hapo? Nusu ya hela inatangulia, iliyobaki inatakiwa kabla kifurushi hakijapakiwa kwenye basi. Kikishafika, namba haipatikani.

Medali yenyewe nimeishika. Mbele ina kichwa cha Mfalme George wa Sita, na kwenye utepe kuna kibao chembamba cha chuma kilichoandikwa KENYA. Hapo tu uongo umeshaonekana. George wa Sita alifariki Februari 1952. Hali ya hatari Kenya ilitangazwa Oktoba mwaka huo, na kibao cha KENYA walipewa waliotumika kati ya 21 Oktoba 1952 na 17 Novemba 1956, wakati wa Malkia Elizabeth wa Pili. Sura inayotakiwa pale ni ya malkia, amevaa taji.

Medali hii, Africa General Service Medal, ilianzishwa 1902, mwaka ule ule Keya ilipoundwa. Ilitolewa kwa sura ya Edward wa Saba, kisha George wa Tano, na baada ya vita vya Somaliland vya 1920 haikuongezewa kibao kingine hadi cha Kenya. Yenye George wa Sita haikuwahi kutolewa. Najua wapo wasioona fahari yoyote ndani yake. Kibao kimojawapo ni NANDI 1905-06, vita alivyouawa Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, na cha KENYA ni cha kupigana na Mau Mau. Kila familia ina haki ya kuamua itaitunza au itaitupa, ila iamue juu ya kitu cha kweli.

Ya kweli yenye kibao cha KENYA ni ya fedha, upana wake milimita 36. Nyuma amesimama Britannia, mwanamke anayewakilisha Uingereza, ameshika mkuki wa ncha tatu, simba yuko pembeni, jua linachomoza, na chini limeandikwa AFRICA. Utepe ni wa manjano, kingo nyeusi, na mistari miwili myembamba ya kijani. Jina la askari hugongwa ukingoni kwa muhuri, herufi zimezama sawasawa. Hii ya Iringa jina limechorwa kwa ncha kali, mistari inatetereka, na herufi ya mwisho imekosa nafasi ikapanda juu.

Kinachoniuma zaidi, mzee wao wala hakupigana Kenya. Alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaachishwa jeshi vita vilipoisha. Stahili yake ilikuwa Burma Star, nyota ya pembe sita ya rangi ya shaba ya manjano, yenye herufi za mfalme katikati, na utepe wa buluu iliyoiva wenye mstari mpana mwekundu katikati na miwili ya rangi ya chungwa pembeni. Nyota hizo Uingereza ilizitoa bila majina. Kwa hiyo akikuletea Burma Star yenye jina la babu yako nyuma, hilo jina lisikulegeze. Muulize liliandikwa na nani, na lini.

Mtu akikuambia ameipata medali ya mzee wako, mwambie yeye ndiye akutajie jina na namba iliyoko ukingoni, na akutumie video akiizungusha mkononi, kabla hujamwambia lolote. Mwenye kitu halisi hashindwi.

Waliokwisha kulipa, msifute meseji wala risiti za muamala. Nendeni navyo polisi mkafungue jalada, na mtoe taarifa ya ile namba kwa mtandao wa simu. Ukweni wameshafungua lao. Picha za medali hiyo, mbele, nyuma na ukingoni, ninazo. Anayetaka kulinganisha na aliyouziwa aniandikie nimtumie.