Gari la umeme nalipenda, walioniuzia ndo wamenichosha

Jamani gari lenyewe sina neno nalo. Halina kelele, foleni haliionei shida, na hela ya mafuta sasa naiona mkononi. Nilikuwa namwambia kila mtu anunue.

Sasa majuzi natoka kazini jioni, dashibodi inasema asilimia 23, nyumbani nafika bila wasiwasi. Katikati ya barabara kubwa 23 ikawa 9, mara kile kitaa cha kobe, cha kuonya chaji inaisha, kikawaka, gari likaanza kutambaa huku malori yananipigia honi nyuma, nikawasha hazadi nikajivuta pembeni likazima kabisa. Likaja kuvutwa usiku.

Kesho yake naenda kwao, fundi hata macho hajanyanyua kwenye simu, "Dada, gari la umeme linataka akili, wewe huijazi betri." Mbele ya wateja! Wakati aliyeniuzia, ofisi hiyohiyo, aliniapia nikichaji nisipitishe asilimia 80 maana betri itakufa mapema, na mi nimefuata hivohivo tangu siku ya kwanza.

Kumbe hiyo 80 ni ya betri za nikeli na kobalti. Yangu ni LFP, ya lithiamu, chuma na fosfeti, na hii volti yake haichezi, kila seli inakaa kwenye 3.2 au 3.3 hivi toka ikiwa karibu imejaa mpaka inakaribia kuisha, kwa hiyo kompyuta ikiangalia volti haijui kilichobaki, inabidi ihesabu umeme unaoingia na kutoka, vikosa vidogovidogo vinarundikana mpaka uijaze 100 ndo ijirekebishe. Watengenezaji kibao wanasema ijazwe 100 angalau mara moja kwa wiki. Yaani ni sentensi moja tu, wangenipa pamoja na funguo!

Tangu nianze kuijaza asilimia haidanganyi tena. Betri haina kosa, tena hizi ndo zinadumu na ndo zimeshusha bei ya magari haya, nilishataka kuweka nyota nne. Ila nikikumbuka "linataka akili" damu inachemka upya. Nyota moja. Haya mbili, kwa sababu ya gari.

Na nasikia wanajiandaa kuleta magari ya betri za sodiamu, China zimeingia kwenye magari madogo tangu mwanzoni mwa 2024. Hizo volti inashuka vizuri kadiri unavyotumia, masharti yake ni mengine kabisa, sasa kama LFP imewashinda kuielezea hizo atazielezea nani?

Kama na wewe ulinunua kwao ukaambiwa 80, cheki kitabu cha gari betri yako ni aina gani, ikiwa LFP ijaze leoleo usiku. Mi sirudi pale, labda yule fundi aniombe radhi, tena mbele ya watu kama alivonitukana mbele ya watu.