Tatuu au kutoga: lipi lina pingamizi zito zaidi kidini?

Kwa Uislamu wa Sunni, tatuu ndiyo nzito. Hadithi katika vitabu vya Bukhari na Muslim zinamlaani mchoraji na mchorwaji, kwa sababu ya kubadili umbile la Mungu. Hata hivyo udhu wa aliyechorwa ni sahihi: wino hukaa ndani ya ngozi, kina cha milimita 1 hadi 2, hauzuii maji. (Wengi huchanganya na rangi ya kucha, ambayo huzuia.) Kutoga masikio, wanazuoni wengi humruhusu mwanamke, mwanamume hukatazwa asijifananishe naye.

Katika Biblia, Walawi 19:28 inakataza chale kwa ajili ya wafu pamoja na alama mwilini. Wakristo wengi huiona kuwa sheria ya Israeli ya kale. Wakopti, Wakristo wa Misri, hujichora msalaba mkononi. Kutoga hakuna katazo: Rebeka alivishwa hazama puani, Mwanzo 24:47.

Hoja ya madhara ndiyo hugeuza mizani. Ndewe, sehemu laini ya chini ya sikio, hupona kwa wiki 6 hadi 8, lakini gegedu, sehemu ngumu ya juu ya sikio, huchukua miezi 6 hadi 12. Lina damu kidogo, hivyo likitunga usaha laweza kuharibika umbo. Hapo kutoga si jambo jepesi tena.