Tofali za magwangala njia ya Usagara: kwa fensi sawa, kwa chumba bado

Wadau mnaojenga huku Mwanza, Buhongwa, Kisesa mpaka Usagara, kuna yadi ukishapita Usagara wanafyatua tofali kwa magwangala, yale mawe ya taka yanayotoka migodini upande wa Geita, wanayasaga mpaka yanakuwa kokoto ndogo na vumbi halafu wanachanganya na saruji. Nilichukua za inchi 6 kwa ajili ya fensi na kiukweli tofali ni gumu aisee. Fundi alidondosha moja toka usawa wa kiuno kwenye zege, likamenyeka pembe tu, wakati zile za mchanga tulizozoea ukishika vibaya unabaki na kipande mkononi. Na wanamwagilia jamani, nimezikuta zimefunikwa maturubai zimelowa chepechepe, kijana anapita na mpira wa maji, hawakuuzii tofali la juzi. Hapo nawapongeza sana maana wengine likipigwa jua siku mbili tayari lipo kwenye kirikuu.

Na mimi hii kazi naipenda, mchanga wetu unachimbwa mitoni mpaka kingo zinaliwa, huku migodini mawe yamerundikana vilima na vilima hayana kazi.

Ila hapa muwe makini. Magwangala ni jiwe limetolewa shimoni likatupwa, halijapitia dawa za kuchenjulia dhahabu. Marudio ni kitu kingine kabisa, ule mchanga laini unaobaki mialoni, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, baada ya kuchenjua, umeshakutana na zebaki na mara nyingi unarudiwa tena kwa sayanaidi, zote mbili sumu, ule usiingie kwenye nyumba wanayolala watoto hata upewe bure. Sasa nimemuuliza msimamizi mzigo wake unatoka wapi ananijibu "mawe tu hayo mzee", karatasi ya mzigo hana, cheti cha vipimo hana. Imeniudhi, maana yakishasagwa kwa macho huwezi kutofautisha.

Halafu nilipovunja moja ndani kuna vichembe vya njano vinameta, watu wakadhani dhahabu, kumbe ni pairaiti, yaani chuma na salfa, ikipata hewa na unyevu inatoa kutu na asidi inayokula saruji. Masika yamepita na mstari wa chini wa fensi yangu, tofali kadhaa zimeanza kuchuruzika rangi ya kutu. Sio zote, na ukuta umesimama vizuri tu hauna ufa, lakini kwenye msingi unaokaa kwenye unyevu mwaka mzima mimi siziweki.

Bei ni 1,500 kwa tofali, usafiri juu yako, na wanapakia kwa adabu sio kurusha. Za fensi upande wa pili ntachukua hapo hapo. Za vyumba mpaka wanioneshe majibu ya maabara, na ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Ziwa ipo hapa hapa Mwanza, wala sio safari ya Dar.