Uanagenzi wa kiwandani kwa wanafunzi wa sekondari: tathmini ya mzazi

Mpango ninaoutathmini hapa unaendeshwa kwa ubia kati ya shule ya sekondari na kampuni inayotengeneza vipuri vya chuma. Mwanafunzi aliye katika miaka miwili ya mwisho husoma darasani asubuhi, na alasiri huenda kiwandani, ambako hulipwa ujira na kufanya kazi chini ya fundi aliyeteuliwa kumfundisha. Binti yangu ameupitia. Shule na kampuni sitazitaja, kwa kuwa mzazi anayeletewa fomu ya kutia saini atafaidika zaidi akijua mambo ya kuangalia kuliko akijua jina la kiwanda kimoja.

Naupendekeza mpango huu, na sababu kubwa ni fundi aliyekabidhiwa mtoto. Siku wazazi tulipoalikwa kuitembelea karakana, nilimkuta binti yangu kwenye mashine ya kukereza, ambayo huzungusha chuma huku kisu kikikichonga, amevaa miwani ya usalama na nywele zimefungwa ndani ya kofia, lakini mikono mitupu. Nilipouliza glavu ziko wapi, alinijibu mwenyewe kwamba karibu na chuma kinachozunguka glavu hazivaliwi, kwa sababu ikinaswa moja huuvuta mkono mzima. Akakikaza kipande cha chuma, na ufunguo wa kukazia akautoa papo hapo kabla hajaushusha mkono, kwa kuwa ukisahaulika pale mashine ikiwashwa hurushwa kama jiwe la teo. Baada ya kukereza alisimamisha mashine, akapima kipenyo kwa maikromita, akarudia kupima, akaandika. Kipuri kilikuwa kimezidi kwa sehemu mbili za mia za milimita. Fundi hakukigusa, alimwuliza tu atasogeza kisu kwa kiasi gani. Akasema sehemu moja ya mia, kwa kuwa kipande kinazunguka na kinachokatwa upande mmoja hupungua pande zote mbili. Hesabu hiyo ndogo ilinihakikishia kwamba anafundishwa, hatumiwi tu.

Mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Muhula wa kwanza wote wanagenzi walifagia, wakafungasha vipuri katika maboksi na kupanga mapipa ya vyuma chakavu, na walimu walipouliza, meneja aliwaonyesha mkataba uliosema kwamba mwanafunzi "atajifunza kazi za uzalishaji". Kufagia nako ni kazi ya uzalishaji, kwa hiyo hakuna aliyekuwa amevunja mkataba! Kufagia hakumdhuru kijana, na karakana chafu ni hatari kwa kila mtu, lakini muhula mzima ni mwingi mno. Hali ilibadilika pale shule ilipodai orodha ya stadi iliyoandikwa, ambayo fundi hutia saini mbele ya kila stadi mwanafunzi anapoimudu.

Dai hilo si geni. Nchini Ujerumani, ambako mafunzo ya namna hii yana sheria yake tangu mwaka 1969, kila fani ina kanuni zinazoeleza kitakachofundishwa, na mwanagenzi huandika kumbukumbu za mafunzo yake, ambazo asipokuwa nazo haruhusiwi kufanya mtihani wa mwisho. Jimbo la Wisconsin nchini Marekani, lililoanzisha uanagenzi wa vijana wa sekondari mwaka 1991, hutaka saa 450 za kazi kwa mpango wa mwaka mmoja na 900 kwa miaka miwili, pamoja na orodha ya stadi za kuthibitishwa. Mpango usio na idadi ya saa wala orodha unamwachia mtoto wako bahati ya kupata fundi mwema.

Kuhusu usalama sina lalamiko, ila mzazi aulize mapema ni mashine zipi ambazo sheria inamkataza mtoto kuzigusa, na bima ni ya nani, ya shule au ya kampuni. Sheria za kazi za Marekani, kwa mfano, humzuia aliye chini ya miaka 18 kuendesha mashine nyingi za kukunja na kukata chuma, huku zikimruhusu mwanagenzi wa miaka 16 na kuendelea kwa masharti ya usimamizi wa karibu. Ujira ni mdogo, nao hulipwa kwa wakati.

Cheti ndicho kinachoniudhi. Kinatolewa na kampuni yenyewe, na nje ya lango lake hakina uzito, ilhali vipo vyeti vya ufundi mashine, kama vile vya taasisi ya NIMS nchini Marekani, ambavyo waajiri wengi huvitambua. Kampuni inayogharimia mafunzo ingependa kijana abaki kwake, na hilo linaeleweka, lakini shule imo katika ubia huo ili kumtetea mwanafunzi, na katika hili haikumtetea. Vilevile vipindi vya hisabati ya juu vimepangwa alasiri, wakati wanagenzi wako kiwandani, hivi kwamba anayetaka kusomea uhandisi chuo kikuu hulazimika kuacha kimoja. Uswisi walilitatua jambo hilo kwa mtihani unaomwezesha mwanagenzi kuingia vyuo vikuu vya sayansi tumizi. Hapa ingetosha kuhamishia vipindi hivyo asubuhi. Natoa nyota nne kwa mafunzo ya karakana, na mbili kwa ratiba na cheti.